Hukumu za Muzee wa Catch

Kwetu Mabanga, mtaa wa Goma, mchezo mpya wa mashine wa catch uliotoka Ulaya au Amerika ulikuwa bado haujatoka. Wakosoaji wa huko wangeweza kuumwagia nyota mpaka zijae kwenye simu, lakini katika salle yangu ya michezo vijana walikaa tu kwenye mabenchi, manette, vile vishikio vya kuchezea, zimelala mezani, wakiulizana neno moja: "Muzee amesema nini?" Kama Muzee alikuwa hajasema, hakuna aliyecheza, na mimi na skrini zangu tulibaki tukitazamana.

Salle yenyewe ilikuwa chumba cha mbao kilichojengwa juu ya mawe ya volkano, skrini tatu, na groupe, jenereta ya umeme, nje iliyokohoa kuliko bibi yangu. Vijana waliniita Mama Salle. Kazi hiyo niliachiwa na kaka yangu alipohamia Kampala, wakati sikujua hata manette inashikwa upande gani. Catch niliijua kidogo, kama kila mtu wa Goma: ile mieleka ya maonyesho, yenye vinyago, vishindo, rangi usoni na dawa za kienyeji. Aliyeijua kweli alikuwa Muzee wa Catch, jirani yangu, catcheur wa zamani na mshona magodoro wa siku zile. Jina lake ninalo, lakini hata mke wake alikuwa halitumii, sioni kwa nini nianze mimi.

Alikuwa na shingo fupi na masikio yaliyojikunja kwa kubanwa na makwapa ya wanaume wengine. Tumbo lake lilifika mahali kwanza, yeye akafuata. Ukilitaja alichukia kabisa. "Ni misuli," alisema, "inapumuzika." Ilikuwa imepumzika tangu nimjue.

Hakuwahi kuingia salle kama watu wanavyoingia. Alisimama mlangoni, akashika miimo miwili ya mlango, akangoja mpaka kila jicho limgeukie. Kisha akazunguka chumba chote kwa upande wa kulia, akimpa kila mtu mkono, hata wale aliowasalimu asubuhi ile ile, huku kijana mmoja akipiga bidon, dumu tupu la maji, kwa fimbo. Kama hakuna aliyepiga bidon, Muzee alitoka nje na kuingia upya. Siku moja nilikuwa na homa, kichwa kinaniuma, nikawaambia vijana wasipige chochote. Aliingia na kutoka, akaingia na kutoka, mpaka nikaona heri bidon kuliko kizunguzungu cha kumtazama.

Kwa sababu hiyo, katika salle yangu ilikuwa marufuku kuruka sehemu ya kuingia ulingoni. Kwenye michezo hii, kabla ya pigano, mpiganaji anatoka nyuma ya pazia na muziki wake, anatembea, anatukana watu, anavua koti. Wenye haraka wanabonyeza kitufe, wanafika kwenye ngumi. Muzee alikuwa anawapiga vidole.

"Unaruka mutu anaingia? Weye unaingiaka kwa bakwe bila kubisha?"

"Muzee, ni jeu tu ya mashine."

"Jeu! Siye tulikuwa tunazunguka muji muzima mbele ya kupigana. Birere, Katindo, mpaka kule chini Himbi kwa bale benye kujifunga ndani. Batu banakuona asubui, mangaribi banajua ni nani bakuye kutukana."

Hilo lilikuwa kweli, wazee wengine walinithibitishia. Siku ya catch, wapiganaji walipandishwa kwenye camionnette na wapiga tarumbeta, wakapitishwa mitaani wakitishana. Ila siku moja gari lilijaa, na yeye akapitishwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali tunayobebea makaa na viazi. Alisimama juu yake amekunja mikono kifuani, anasukumwa na mtu wa viazi. Alipenda kusimulia hilo kuliko pigano lolote, na kila akisimulia, mteremko wa barabara ulizidi kuwa mkali.

Hukumu yake ilikuwa na utaratibu. Mchezo mpya ukifika, alikaa benchi la nyuma, hagusi kitu. Kwanza aliamuru aonyeshwe sura zote za wapiganaji, mmoja mmoja. Kijana alibonyeza, Muzee akasema, "Endelea. Endelea." Wanaume wenye vifua vya kung'aa wakapita, wanawake wenye nywele za kijani wakapita. "Endelea." Zilipokwisha, alivuta pumzi na kusema, "Bado."

Mwanzoni sikuelewa. Kijana mmoja ndiye aliyeniambia: Muzee alikuwa anajitafuta. Alikuwa amewaambia wote kwamba yeye alikuwa champion wa Kivu nzima, hajaangushwa hata siku moja, na kwamba wale wazungu wanaotengeneza michezo, wakifanya kazi yao vizuri, lazima siku moja wamfikie. Kila mwaka tulicheka. Kila mwaka alitazama mpaka sura ya mwisho, na sikupenda kumtazama usoni wakati ule, kwa sababu mtu mzima yule alikuwa anatumaini kweli.

Baada ya "Bado", alitazama pigano moja kutoka kuingia mpaka kutoka, kisha akasema. Hakusema mengi. Mchezo mmoja uliosifiwa dunia nzima kwa uzuri wa picha, mpaka ukaona vinyweleo, aliumaliza kwa maneno machache: "Aba batu bananuka sabuni." Mwingine ulikuwa na jasho linalotiririka kwelikweli, vijana wamelishangaa. "Jasho iko," alisema. "Woga iko wapi?" Akaenda zake kula, nami nikabaki na mchezo ambao hakuna aliyetaka kuugusa mpaka wiki ikaisha.

Lakini kosa ambalo hakulisamehe kamwe lilikuwa la kuanguka. "Habajui kuanguka," alisema kila mwaka. "Banaanguka sawa batu banaenda kulala." Ulingo wa Muzee na wenzake zamani ulisimamishwa juu ya mawe ya volkano, kwa sababu Goma hakuna pengine. Walitandaza magunia yenye maganda ya maharage, juu yake mbao, juu yake turubai. Pigano la kwanza lilikuwa zuri. Kufika la tatu, maganda yote yalikuwa yamekimbilia pembe moja, na pengine pote ni jiwe. Mtu alipaswa kukumbuka, huku amebebwa hewani kichwa chini, maganda yako wapi.

Kazi yake ya magodoro ilikuwa na uhusiano wa wazi na mambo hayo, ingawa alikataa. Mteja akisita, Muzee alilitupa godoro barabarani, akaligeuzia mgongo, akajiangusha chali mzima mzima, puu, watu wa mtaa wakapiga kelele. Kisha alilala pale akitazama mawingu na kumuuliza mteja, "Unaona weye mwenyewe?" Wateja walinunua. Wengine walirudi kesho yake na rafiki zao, hawana haja ya godoro lolote, wanajifanya wanasita.

Alikuwa mtu wa kanisa, mwenye sauti nzito ya wimbo, na alikuwa mtu wa dawa. Mambo hayo mawili yaliishi ndani yake bila kugombana. Katika catch ya kwetu, mpiganaji anaweza kuingia na kibuyu, akapuliza unga, na mpinzani mkono wake ukakauka hewani, au akaanza kubweka, au akajipiga mwenyewe mpaka mwamuzi amhurumie. Michezo ya mashine haikuwa na hayo, na kwake ilikuwa chakula kisicho na chumvi. Nilimuuliza siku moja kama dawa zile zilikuwa za kweli.

"Ilikuwa unga ya muhogo, Mama Salle."

"Basi ni uongo."

"Ni unga ya muhogo," alirudia. "Lakini ata weye haungegusa."

Sasa nifike kwenye ule mwaka wa aibu. Mchezo wa mwaka ule dunia nzima iliupiga mawe. Nilisoma kwenye simu: wakosoaji wa kila lugha walilia kwamba wapiganaji wanazama ulingoni mpaka kiunoni, nywele zinasimama zenyewe, macho yanatoka, kamba zinajifunga fundo, mtu anapigwa ngumi anabaki hewani akizunguka. Watu walikuwa wanarudisha mchezo madukani. Mimi wangu ulikuwa umeshawekwa kwenye mashine zote tatu, na duka lilikuwa Kampala. Nilimngoja Muzee kama mtu anayengoja polisi.

Aliingia, bidon ikapigwa, akazunguka, akakaa. "Endelea, endelea, bado." Pigano likaanza. Mara yule mpiganaji mkubwa akamnyanyua mwenzake, na mwenzake akakataa kushuka. Alibaki juu, anazunguka polepole, mguu mmoja umepenya kifuani kwake mwenyewe. Vijana wakaanza kuzomea. Muzee akasimama. Hakuwahi kusimama katikati ya pigano.

"Njo hii catch!" alipiga kelele. "Nani alifundisha ule mutu?"

"Muzee, ni mashine imeharibika."

"Imearibika? Ule amefungwa! Angalia mukono yake, inakatala kumusikia! Fungua mukanda ya ule mukubwa, ameficha kitu!"

Na mwamuzi wa kwenye skrini, kana kwamba amemsikia, akazama sakafuni mpaka shingoni. Salle ililipuka. Siku ile ile habari ikaenda mitaani: kwa Mama Salle kuna catch yenye dawa. Walikuja watu wa Katindo, walikuja waendesha pikipiki na kofia zao kichwani, alikuja hata mwimbaji mmoja wa kwaya akajibanza nyuma. Mchezo uliolaaniwa dunia nzima ulipendwa Mabanga peke yake, na mtu aliyesababisha hayo alikaa benchi la nyuma akieleza ni mganga gani wa wapi angeweza kufanya kazi ya namna ile.

Kisha watengenezaji wakaona aibu, wakatuma marekebisho. Mimi, kama mwenye nyumba anayefagia, nikayaweka. Kesho yake kila mguu ulikuwa mahali pake. Hakuna aliyeruka, hakuna aliyezama. Muzee alitazama pigano zima, akaja mpaka mezani kwangu.

"Mama Salle, nani alitoa dawa?"

"Ni wenyewe, wametengeneza."

"Nani alibatuma?"

Nusura vijana wavunje benchi. Aliyetuokoa ni kijana mmoja mwembamba aliyekuwa anasomea mambo ya kompyuta, tuliyemwita Informaticien kwa kumcheka. Alifuta kila kitu, akaurudisha mchezo ukiwa na ugonjwa wake wote, akakata njia ya marekebisho. Mpiganaji wa kwanza aliponing'inia hewani, Muzee alimkumbatia yule kijana mpaka miwani yake ikapinda.

Kuhusu uchezaji wa Muzee mwenyewe, nilikuwa na maoni yangu. Sheria ya salle, kama ya salle zote za Goma, ni kwamba anayeshindwa anaacha manette, mshindi anabaki. Muzee alishindwa kila mara. Alimchagulia mpinzani wake jitu kubwa kuliko yote, yeye akachukua kitu cha hovyo, akapigwa, akaamka, akayumba, akakaribia kushinda mpaka watu wakasimama, kisha akapanda juu ya kamba na kujirusha mahali pasipo na mtu. Akacheka, akatoa manette, akapisha. Nilidhani ni vidole, kwa sababu vilikuwa vizito kwa sindano ya magodoro. Kitu ambacho sikukielewa ni kwa nini vijana walipanga foleni kucheza naye yeye, wakati mabingwa wa salle walicheza mbele ya mabenchi yanayopiga miayo.

Wakati kambi za wakimbizi wa vita za Kanyaruchinya zilikuwa bado zipo, nilimsindikiza huko kumwona shemeji yake, mtu wa Masisi aliyekimbia na watoto bila ng'ombe. Watoto wa kambi walisikia kwamba amekuja champion. Mmoja, mwenye kifua cha shomoro, akamwambia anataka kupigana. Muzee alimzunguka, akamwogopa, akaomba msamaha, na yule mtoto alipomsukuma kwa kidole, aliruka nyuma, akagonga kibanda, akazunguka, akaanguka na kutetemeka mguu mmoja peke yake. Sijawahi kusikia kambi ikicheka vile. Yule mtoto alibebwa mabegani mpaka kwenye bomba la maji. Mimi nilikuwa namfuta Muzee vumbi, nikisema mzee mzima anajivunja mgongo bure, na yeye alikuwa anatazama kule kwenye bomba tu.

Miaka ikaenda. Informaticien akamaliza masomo, akapata chumba na wenzake wawili huko Himbi, na siku moja akarudi salle na kompyuta begani. Muzee alikuwepo.

"Papa," alisema, "nataka nikuweke ndani."

"Ndani ya nini?" Muzee aliuliza, ingawa alikuwa amesikia vizuri.

"Ndani ya jeu. Tunatengeneza catch ya Goma. Volcan nyuma, fanfare ya tarumbeta, dawa, yote. Sura yako, nguo yako. Lakini niambie kwanza, ulikuwa na nguvu gani? Nani alikuwaka anakuangusha?"

Muzee alitazama mabenchi. Kila kijana aliyekuwa pale alikuwa amekulia kwenye hadithi zake. Alikohoa.

"Andika champion," alisema. "Sikuangushwa ata siku moja."

Basi Informaticien akaandika alivyoambiwa. Alipoleta mchezo mara ya kwanza, salle ilijaa mpaka dirishani. Sura zikapita, endelea, endelea, na pale katikati akasimama Muzee, kijana, hana tumbo, masikio yamenyooka. Watu wakapiga makofi. Pigano likaanza. Wakampiga, haanguki. Wakamrukia, haanguki. Yeye akinyoosha mkono tu, mtu analala. Mpinzani wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo. Kwa sheria ya salle, mshindi anabaki, kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani mwake Muzee alikaa na manette mkononi mchana mzima. Alikuwa ameishika kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe. Makofi yakapungua, vijana wakaanza kutazama simu zao. Mwishowe akaiweka mezani, akatoka bila kumpa mtu mkono.

Hakusema chochote. Si kibaya, si kizuri. Muzee aliyewahukumu wazungu wote alinyamaza, na hilo lilimuumiza Informaticien kuliko matusi. Vijana hawakuugusa tena mchezo ule. Siku zikapita, benchi la nyuma tupu, na mimi, niliyelalamikia bidon miaka yote, nikajikuta nasikiliza mlangoni.

Nikaenda kwake. Mke wake alikuwa uani anashona kitambaa cha godoro.

"Mama, Muzee anagonjwa?"

"Agonjwe nini? Amekasirika ju balimufanya champion."

"Si ni yeye champion?"

Alisimamisha sindano. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Uyu? Uyu alikuwa anaangushwa kila dimanche, kila siku ya Mungu! Njo ilikuwa kazi yake. Bachampion bote balikuwa banamutaka yeye, ju akianguka yeye, ule mwengine anaonekana mukubwa. Batu balikuwa banatoka mpaka Sake, bakuye kuona namna anaanguka. Ata mimi. Unazani mimi nilimupendea nini? Champion alikuwa anasimama pale sawa poteau ya umeme."

"Bibi!" sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Unaaribu jina yangu!"

"Jina gani?" mke alijibu. "Kuya umusalimie mugeni."

Muzee akatoka. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomzoea, labda kwa sababu mlango ule ulikuwa mfupi na hakuna aliyempigia bidon. Alikaa juu ya godoro lisilomalizika.

"Nilingojea myaka yote baniweke," alisema. "Sasa baliniweka. Na siko ndani."

"Mwambie kijana ukweli basi. Atatengeneza," nilimwambia.

"Nikisema, bale batoto batajua nilikuwa nabadanganya. Nitaingiaka tena namna gani pale kwako, Mama Salle? Nitapita mulango gani?"

Nilitaka kumwambia kwamba mlango ni ule ule wa mbao na ni wa kwangu, lakini niliona ni upuuzi, nikanywa chai yangu. Nilimhurumia sana. Mtu amedanganya kwa furaha miaka yote, na sasa uongo umemfungia nje ya kitu pekee alichokitaka.

Jumamosi iliyofuata nilisikia bidon kutoka mbali. Nikatoka. Barabara ya Mabanga ilikuwa imejaa watoto, na mbele yao alitembea mke wa Muzee, amejifunga kitenge kipya, anapiga bidon kwa mwiko. Nyuma yake, juu ya magodoro mawili kwenye chukudu iliyosukumwa na mbeba magodoro wao, alisimama Muzee wa Catch. Alikuwa amevaa suruali nyekundu ya kubana iliyochujuka, na joho la kitambaa cha godoro. Tumbo liko wazi. Alikuwa amezunguka mtaa mzima. Alishuka, akashika miimo ya mlango, akangoja, akazunguka kulia, mkono kwa kila mtu. Alipofika kwa Informaticien, ambaye mke wa Muzee alikuwa ameniomba nimwite, akasimama.

"Sikiyeni," alisema kwa sauti yake ya kanisa. "Champion haikuwa mimi. Mimi nilikuwa mwenye kuanguka."

Kisha kijana mmoja wa benchi la mbele, mshindi wa kila siku wa salle, akasema, "Muzee, tulijuaka."

"Mulijua nini?"

"Mutu mwenye anaangushwaka na mimi kila siku, atakuwa champion ya nini?"

Salle nzima ikacheka, na Muzee, baada ya kutafuta kukasirika na kukosa, akacheka kuliko wote. Kisha akamgeukia Informaticien. "Toa ule mwenye nguvu," alisema. "Weka mimi."

Mke wake hakukubali aguse sakafu. Yale magodoro mawili yakaletwa kutoka kwenye chukudu, Informaticien akasimamisha simu mbili, na Muzee akaanza kuanguka. Kila anguko lilikuwa na jina. Kulikuwa na Nyumba ya Mbao, inayoanza kwa pembe moja kulegea. Kulikuwa na Mukwe Amefika, ambapo mtu anaanguka huku anajiweka nguo sawa. Na kulikuwa na Courant Imekatika: amesimama mzima, anatukana, kidole juu, halafu vyote vinazimika kwa pamoja kama taa za mtaa. Aliposimama kutoka hilo la mwisho, jasho linamtoka na mke wake anamshika mgongo, nilikuwa nalia, na sikuwa peke yangu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa wiki aliyokuja binti yake kuwachukua, yeye na mke wake, wakaishi naye Butembo. Mizigo ilikuwa imeshafungwa. Informaticien alikuja mbio kutoka Himbi na mchezo uliomalizika, na Muzee akaingia kama anavyoingia. Akakaa benchi la nyuma.

"Endelea," alisema. "Endelea. Endelea."

Kijana hakubonyeza tena. Pale kwenye skrini alisimama mzee mwenye shingo fupi, masikio yamejikunja, suruali nyekundu, joho la godoro. Muzee alimtazama muda mrefu.

"Tumbo balizidisha," alisema.

"Papa, nilipunguza," Informaticien alijibu.

Akaja mbele, akachukua manette, akakaa na yule mshindi wa salle. Fanfare ikalia, chukudu ikaingia, volkano inafuka nyuma. Alipigwa. Alibebwa, akatupwa, akaanza kwa pembe moja, akaamka, akaweka suruali sawa akiwa hewani. Watu walikuwa wamepanda juu ya mabenchi. Akakaribia kushinda, akainua kidole juu, akatukana mji mzima, na vyote vikazimika. Kwa sekunde moja hata groupe sikuisikia. Halafu mbao za salle yangu zikatetemeka kwa kelele.

Muzee akasimama, akafuta macho kwa mkono wa shati, akamnyooshea mshindi manette yake ili ampe anayefuata, kama sheria inavyotaka. Yule kijana hakuipokea.

"Apana, Muzee. Bakia."

"Abakie!" mabenchi yakaitikia.

Muzee akanigeukia. "Na sheria ya salle?"

"Sheria ni ya kwangu," nilisema. "Kaa."

Informaticien alikuwa bado amesimama kando ya skrini, miwani yake, iliyopinda miaka ile, mkononi. "Papa," aliuliza, "unasema nini?"

Muzee alikaa kwanza. Akatafuta sura yake mwenyewe, akaipata, akaichagua.

"Uyu mutu," alisema, "anajua kuanguka."

Kisha akabonyeza, na yule mzee wa kwenye skrini akaanza kuingia, polepole, akimpa kila mtu mkono kwa upande wa kulia. Kitufe cha kuruka kilikuwa kinawaka pembeni, na hakuna aliyekigusa.